Pardo: kivumishi ambacho Kiingereza hakikimudu

Mwaka 2010 Neymar alikuwa na miaka 18 na bado yuko Santos, gazeti moja la São Paulo lilipomuuliza kama amewahi kubaguliwa kwa rangi yake. Alijibu kwamba hajawahi, na kwamba isitoshe yeye si preto. Septemba 2020, baada ya mechi ya Paris Saint-Germain na Marseille iliyomalizika kwa kadi nyekundu tano na tuhuma za ubaguzi, aliandika mtandaoni kwamba yeye ni negro, na waliomzaa ni negros. Vyombo vya habari vya Kiingereza vilizitafsiri kauli zote mbili kwa neno moja, black. Msomaji akabaki na hadithi ya kijana aliyejikana, kisha miaka kumi baadaye akajikubali.

Huenda kweli alibadilika. Maisha ya Ulaya humfunza mchezaji wa Brazil mengi. Hata hivyo, maneno aliyoyatumia ni mawili, wala hayana maana moja. Preto ni mtu wa ngozi nyeusi iliyokolea. Negro, kwa matumizi ya leo ya sheria na siasa za Brazil, ni jamii nzima ya watu weusi, waliokolea na wasiokolea. Mtu anaweza kulikataa la kwanza na kulikubali la pili asijipinge hata chembe, kwa sababu kati ya hayo mawili kuna kivumishi cha tatu, nacho hakukitamka: pardo.

Kivumishi hiki kinatuhusu kwa sababu habari za Brazil hutufikia zikiwa zimeshapitia Kiingereza. Taarifa za Kiingereza za taasisi ya takwimu ya Brazil, IBGE, humwita pardo brown. Magazeti mengi ya London na New York humwita mixed-race. Mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi hulipokea neno hilo la pili na kuandika "chotara", na hapo maana inakuwa imeshapotea mara mbili.

Tuanze na kamusi, maana hata huko Kiingereza hakitulii. Pardo inatokana na neno la Kilatini la chui, lile lile lililomo ndani ya leopardo. Ni rangi iliyofifia, katikati ya kahawia na kijivu, isiyong'aa na isiyojipambanua. Papel pardo ni karatasi ya kaki, ile ya kufungia vitu na kutengenezea bahasha. Urso-pardo ni dubu ambaye kwa Kiingereza ni brown. Lakini methali ya Kireno isemayo kwamba usiku paka wote ni pardos, kwa Kiingereza paka hao huwa grey. Mshauri anayetawala nyuma ya pazia, eminência parda, naye Kiingereza humpa rangi ya kijivu. Kumbe dubu na paka, ambao Kireno kinawavisha nguo moja, Kiingereza kinawatenganisha. Mwanafunzi Mwingereza anayekariri kwamba pardo ni brown hukwama mara anapotaka kununua viatu: vitu vya rangi ya kahawia nchini Brazil huitwa marrom, na macho au nywele ni castanho. Ukisema viatu pardos utaeleweka, ila utaonekana umelitoa neno mahali pake.

Kisarufi msemaji wa Kiswahili ana nafuu kuliko Mwingereza. Kivumishi hufuata jina na kupatana nalo: homem pardo, mulher parda, gatos pardos. Sisi tunaosema mtu mweupe, nguo nyeupe na kitabu cheupe hatushangai. Panapohitaji uangalifu ni kwenye fomu za serikali. Kinachoulizwa pale ni cor, yaani rangi, na jina hilo ni la kike. Kwa hiyo hata mwanamume mwenye ndevu huandikwa parda. Asiyelijua hilo aweza kudhani karani amekosea jinsia.

Neno lilianza kutumika kueleza watu mapema mno. Pero Vaz de Caminha, katika barua aliyomwandikia mfalme wa Ureno tarehe 1 Mei 1500, aliwaeleza kwa kivumishi hicho wenyeji aliowakuta pwani ya nchi ambayo baadaye iliitwa Brazil. Hao hawakuwa na damu ya Afrika wala ya Ulaya. Walikuwa na ngozi ambayo macho yake yaliiona si nyeupe wala si nyeusi, basi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza neno lilieleza mwonekano, halikueleza mzazi.

Kisha ukaja utumwa, na ndani ya utumwa neno likapata uzito wa pili. Brazil ilipokea Waafrika karibu milioni 5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya mabara ya Amerika. Wamo waliopakiwa Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, na mjini Rio de Janeiro wakaitwa Moçambiques. Katika jamii hiyo preto alidhaniwa kwanza kuwa mtumwa au mtu aliyetoka utumwani juzi. Mwanahistoria Hebe Mattos ameonyesha jinsi neno pardo lilivyotumika kumtaja mtu wa asili ya Afrika aliyezaliwa huru, hata kama ngozi yake ilikuwa nyeusi sawasawa na ya jirani aliyeitwa preto. Kumwita mtu pardo kulikuwa kukiri kwamba ameusogelea uhuru. Vilikuwapo vyama vya dini vya watu pardos, na mjini Recife wanachama wa namna hiyo walijenga makanisa yao wenyewe. Ila ukaribu huo na uhuru ulikuwa na mpaka. Tarehe 8 Novemba 1799, jijini Salvador, serikali ya kikoloni iliwanyonga wanaume wanne kwa njama ya kuasi, wawili wakiwa mafundi cherehani na wawili askari. Wote wanne walikuwa pardos. Waungwana weupe waliotajwa katika kesi hiyo hawakupanda kitanzi.

Mtu akiniuliza neno hili lina maana gani, nitamwambia kwanza aulize limesemwa na nani. Karani wa parokia wa karne ya 18 alipoandika pardo, alikuwa anapima heshima ya mtu mbele ya sheria. Karani wa sensa ya leo anajaza alichoambiwa. Na katikati ya hao wawili imepita historia ndefu ya fomu.

Sensa ya kwanza ya Brazil, ya mwaka 1872, ilikuwa na majina manne: branco, preto, pardo na caboclo, la mwisho likiwa la wenye asili ya wenyeji wa kale. Pardos na brancos walikaribiana sana, kila kundi takriban watu 38 katika kila 100. Mwaka 1890 pardo iliondolewa, ikawekwa mestiço. Mwaka 1900 na 1920 rangi haikuulizwa kabisa. Mwaka 1940 fomu ilitaja weupe, weusi na wa njano peke yao. Aliyejibu vinginevyo aliwekewa kistari, na makao makuu wakavikusanya vistari vyote na kuvipa jina pardo. Asilimia 21 ya taifa walipata jina lao hivyo, kwa kutokuwa kitu kingine. Neno lilirudi rasmi mwaka 1950, swali likafutwa tena mwaka 1970, na likarejea mwaka 1980.

Katika utawala wa kijeshi, mwaka 1976, IBGE ilifanya uchunguzi wa kaya na kumwachia kila mtu aitaje rangi yake kwa maneno yake mwenyewe. Majibu yaliyopatikana yalikuwa ya aina 135. Walikuwapo wa rangi ya mdalasini, wa kahawa kwa maziwa, waliochomwa na jua, hata wa rangi ya punda anayetoroka, ambao ni msemo wa Kireno wa rangi isiyoelezeka. Waandishi wa Kiingereza hupenda mno orodha hiyo; huitumia kuonyesha kwamba Brazil haina mistari ya rangi. Hawasemi kwamba karibu watu wote walijibu kwa maneno machache tu, na mengi kati ya hayo 135 yalitamkwa na watu wa kuhesabika. Jambo kubwa la uchunguzi ule ni jingine. Takriban theluthi moja walijiita moreno. Waliojiita pardo hawakufika mmoja katika kila kumi.

Moreno ndiyo kauli ya mdomoni: ya nyumbani, ya mapenzi, ya sokoni. Humfaa mweusi ambaye msemaji hataki kumuumiza, humfaa mtu wa rangi ya kati, na humfaa pia mweupe kabisa mwenye nywele nyeusi. Uzuri wake kwa watu ndio ubaya wake kwa takwimu, kwani kundi linalomchukua kila mtu halipimi chochote. Pardo ni kauli ya fomu. Mtu hukutana nayo kwenye cheti, kwenye ripoti ya polisi, kwenye dodoso. Mbrazili anaweza kuijaza miaka yote bila kuwahi kuitumia mezani. Wanaharakati weusi wana msemo wao kwamba pardo ni karatasi, wakimaanisha kwamba binadamu hana rangi ya bahasha. Mchoraji Maxwell Alexandre, mzaliwa wa mtaa wa Rocinha jijini Rio, aliuchukua msemo huo ukawa jina la mfululizo wa kazi zake, akiwachora watu weusi wakiwa na fahari juu ya karatasi hiyo hiyo ya kaki. Mtazamaji wa Kiingereza anayeambiwa kwamba hizo ni picha zilizochorwa kwenye brown paper amepewa maelezo ya malighafi, akanyimwa hoja.

Kiingereza kinashindwa wapi hasa? Msamiati wa rangi kinao tele. Kinachokifunga ni swali kilicholizoea. Katika miaka ya 1950 mwanasosholojia Mbrazili Oracy Nogueira alitofautisha ubaguzi wa alama na ubaguzi wa asili. Brazil, alisema, humbagua mtu kwa alama zinazoonekana: ngozi, nywele, pua, midomo. Marekani humbagua kwa ukoo. Sheria ya Virginia ya mwaka 1924 ilimnyima weupe mtu mwenye chembe yoyote ya damu ya Kiafrika, hata awe na macho ya buluu. Sensa ya Marekani ilikuwa na neno mulatto hadi 1920, kisha ikalitupa. Kuanzia 1930 mtu wa kati alihesabiwa mweusi. Lugha iliyolelewa na sheria hizo ikimwona mtu wa rangi ya kati huuliza wazazi wake ni akina nani. Ndiyo maana huandika mixed. Na ikiandika brown mambo hayaendi vizuri zaidi, kwa sababu London neno hilo limeshakaliwa na watu wa asili ya India na Pakistan, na Marekani limekaliwa pia na watu wa Amerika ya Kilatini kwa jumla, Wabrazili weupe wakiwa ndani.

Mswahili hana haja ya kuazima kiwewe hicho. Lugha yetu imeshatenganisha kile ambacho Kiingereza kimekichanganya. Ukisema Mombasa "yule dada mweupe", hakuna atakayetafuta Mzungu. Watamtafuta dada wa Kiafrika mwenye ngozi ya mwanga. Weupe ni mwonekano, tena wa kulinganisha, na Uzungu ni asili. Kwa Kiingereza vyote viwili ni white. Katikati ya mweupe na mweusi tuna maji ya kunde, nayo hayamuulizi mtu babu yake alitoka wapi; wazazi wote wawili wanaweza kuwa Wanyakyusa au Wakikuyu na mtoto akawa wa maji ya kunde. Chotara ni habari nyingine, ni habari ya ukoo. Kwa hiyo anayeeleza sura ya mtu wa Bahia aliyeitwa pardo na jirani yake anaweza kuandika "wa maji ya kunde" akawa amelikaribia neno kuliko Mwingereza yeyote. Akiandika "chotara" amerudi Virginia.

Maji ya kunde, hata hivyo, hayatoshi pale neno linapofanya kazi ya serikali, na kazi hiyo imekuwa nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasosholojia Carlos Hasenbalg na Nelson do Valle Silva walichambua mapato, elimu na kazi. Hadi hapo wengi waliamini kwamba mtu wa rangi ya kati nchini Brazil ana mlango wa kupenyea. Mwanahistoria Mmarekani Carl Degler alikuwa ameandika hivyo mwaka 1971. Takwimu zilionyesha pardos wakiwa karibu sana na pretos, na makundi yote mawili yakiwa mbali na brancos. Vuguvugu la watu weusi liliishika hoja hiyo kwa mikono miwili: kama maumivu ni ya pamoja, na hesabu iwe ya pamoja. Sheria namba 12.288 ya mwaka 2010 ikaithibitisha. Inasema população negra ni jumla ya wanaojitaja pretos na pardos.

Hapo ndipo tarakimu za Brazil huanza kumchezea msomaji wa Kiingereza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 203. Pardos walikuwa asilimia 45.3, kundi kubwa kuliko yote, brancos 43.5, pretos 10.2. Gazeti moja litaandika kwamba watu black ni asilimia 10, jingine kwamba ni zaidi ya nusu ya nchi. Yote mawili yana karatasi ya IBGE mkononi. La kwanza limemtafsiri preto, la pili negro, na pardos milioni 92 wanatokea na kutoweka kutegemea mhariri alikuwa na neno gani. Sijaona kosa la tafsiri lenye watu wengi kiasi hicho ndani yake.

Tangu jumla hiyo iwe sheria, pardo imekuwa na thamani. Mahakama ya juu ya shirikisho iliidhinisha kwa kauli moja mgao wa nafasi kwa rangi mwaka 2012, na mwaka huo huo sheria namba 12.711 ikatenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma shule za umma, ndani yake kukiwa na fungu la pretos, pardos na wenyeji wa asili. Mwaka 2014 ikafuata sheria ya ajira za serikali kuu. Naiunga mkono mipango hiyo. Kizazi cha madaktari na mawakili weusi kimepita mlango huo. Ila kivumishi kilichokuwa kimetengenezwa kwa ajili ya watu wasiotaka kujibana kikaanza kudaiwa ushahidi.

Mwaka 2007, kabla ya sheria hizo, Chuo Kikuu cha Brasília kilikuwa na mgao wake na jopo la kukagua picha za waombaji. Mapacha wa kufanana waliomba pamoja. Jopo likamkubali mmoja na kumkataa mwenzake, na chuo kikalazimika kurudia uamuzi. Leo kuna kamati rasmi, na kanuni ya serikali ya mwaka 2018 iliziamuru zitazame mwonekano peke yake. Ukija na picha ya bibi yako haitakusaidia. Mmarekani huona hilo ni jambo geni, hata la kuudhi, kwa kuwa kwake bibi ndiye ushahidi wenyewe. Lakini linafuatana na mantiki ya Nogueira: mlinzi wa duka anayekufuata nyuma haombi kuona picha ya bibi. Mzigo wa kamati hizo unawaangukia hasa pardos wa rangi ya mwanga, na mwaka 2024 kijana mmoja aliyenyimwa nafasi ya kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha São Paulo kwa kuonekana hana alama za kutosha alishinda mahakamani. Amekuwa pardo maisha yake yote mbele ya karani, na mbele ya kamati hakuwa.

Kwenye siasa mambo yamefika mbali vilevile. Wagombea hutaja rangi yao tangu uchaguzi wa 2014, na katika uchaguzi wa 2022 fedha za kampeni ziligawiwa kwa kuzingatia idadi ya wagombea negros. Mwaka 2022 ACM Neto, mrithi wa ukoo maarufu wa wanasiasa wa Bahia, aligombea ugavana akiwa amejitaja parda. Alishambuliwa vikali. Yeye alijitetea kwamba ni pardo lakini si negro, na kwamba kuyajumlisha makundi hayo ni kazi ya wengine. Kwa kamusi ya Caminha alikuwa na hoja. Kwa kamusi ya sheria ya 2010 hakuwa nayo, na Salvador, mji wa watu weusi, uliisoma hii ya pili.

Hoja ya kuikataa jumla huwa na nguvu zaidi ikitoka mahali pengine. Jimbo lenye pardos wengi kwa kiwango ni Pará, asilimia 69.9, na Amazonas linafuata kwa karibu. Huko Amazonia rangi ya kati mara nyingi imetokana na wenyeji wa asili na Wareno, Afrika ikiwa na fungu dogo. Mjini Manaus lipo vuguvugu la watu wanaojiita mestiços, linalolalamika kwamba kuwahesabu kuwa negros kunafuta ukoo wao. Naona wana haki kwa upande wa historia, hata kama upande wa mapato uko pamoja na Hasenbalg. Na hapa mtafsiri anayeandika Afro-Brazilian kila aonapo jumla ya pretos na pardos humhamisha mvuvi wa mto Tapajós bara zima kwa herufi chache. Afadhali alibakize neno pardo lilivyo, kisha aseme limetoka kwa nani: kwa mhusika, kwa karani, kwa kamati, au kwa sheria iliyojumlisha.

Sensa ya 2022 yenyewe ilikumbana na jambo hili la wenyeji wa asili kufunikwa na majina mengine ya rangi. Katika ardhi za wenyeji wa asili na maeneo mengine wanakoishi, aliyejibu swali la rangi kwa jina lingine lolote aliulizwa swali la nyongeza: je, unajiona mwenyeji wa asili? Waliojitaja hivyo kwa swali la rangi nchini kote walikuwa takriban milioni 1.2. Swali la nyongeza likaongeza karibu watu 466,000, na jumla ikafika milioni 1.69.